Karatasi ilisema moyo ni mzima: kisa cha mchuma karafuu wa Pemba

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kutiwa kwenye kifuko cha plastiki pamoja na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Mkewe aliikunjua juu ya shuka, akainyoosha kwa kiganja, akaniambia: "Dokta, huyu moyo wake umeshapimwa. Hata miezi miwili haijatimia. Walisema mzima." Mwenye moyo alikuwa kitandani, ametapika mara mbili tangu aingie mlangoni, shati limemganda mwilini kwa jasho la baridi.

Niliitazama karatasi ile ya kipimo cha umeme wa moyo, kisha nikaitazama iliyokuwa inatoka kwenye mashine yetu dakika ileile. Ya zamani ilikuwa safi. Nimeirudia baadaye kwa utulivu, mstari kwa mstari, na sikuona alichokosea aliyeisoma. Ya siku ile ilikuwa na mistari mitatu, ile inayoutazama moyo kwa upande wa chini, imetuna kama tanga lililoshika upepo. Ukiona hivyo, ujue mshipa mmoja wa moyo umeziba kabisa na nyama ya moyo inakufa huku unaitazama.

Karatasi zote mbili zilisema kweli. Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya ile ya kwanza, maana kwa jinsi ilivyoeleweka nyumbani ilikaribia kumpoteza mtu.

Mgonjwa ameniruhusu nikisimulie kwa sharti la kutotaja jina lake wala kijiji. Tangu alipoingia nilimwita Ami, maana ni rika la mdogo wake baba, na hapa ataendelea kuwa Ami.

Ana miaka 53. Ni mtu wa upande wa Wete, mwembamba, mkavu wa mwili, viganja vimekuwa vigumu kwa kupanda mikarafuu tangu yuko skuli. Mkarafuu mkubwa unapita mita 10, na kuuchuma ni kazi ya mwili mzima: unapanda, unalivuta tawi kwa mkono mmoja, unakonyoa kwa mwingine, na miguu ndiyo inayokushika usianguke. Siku mbili kabla hajaletwa kwetu alikuwa juu ya mti tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilimuuliza jambo hilo mara tatu kwa njia tatu tofauti. Ulipopanda kifua hakikubana? Pumzi haikukukatikia? Mkono au taya havikuwa vizito? Hapana kote. Mkewe naye, ambaye kwa kawaida ndiye anayesema yale ambayo mgonjwa anayaficha, alisema hajamsikia akilalamika hata siku moja.

Ila alikuwa na mengine. Sigara alianza na miaka 17, na kwa hesabu yake havuti zaidi ya kumi kwa siku. Presha aligunduliwa miaka miwili nyuma, akaandikiwa vidonge, akavinywa kwa vipindi. Baba yake alilala usiku akiwa na afya yake, asubuhi hakuamka, akiwa na umri usiofika 60. Familia iliichukua kuwa ni siku yake imefika, na mimi sina la kupinga katika hilo, lakini kwa daktari kifo kama kile ni khabari ya kuulizwa kwa kila mtoto aliyebaki.

Miezi miwili kabla, Ami alisafiri kwenda Unguja kwa shughuli zake, na huko ndugu yake akamshawishi apimwe. Akapimwa umeme wa moyo, kile kipimo tunachokiita ECG, akapewa karatasi na neno moja: mzima. Akarudi Pemba, karatasi akaiweka pamoja na vitu vyake vya thamani, na vidonge vya presha akaviacha. Aliponieleza hakuona haya hata kidogo, maana aliona amefanya jambo la busara. Vidonge vya nini, na moyo umeshaonekana mzima?

Siku yenyewe alitoka msikitini baada ya swala ya alfajiri, akanywa chai ya rangi na kipande cha boflo. Kiasi cha saa 12 asubuhi alikuwa ameinama anatandaza karafuu juu ya jamvi. Akahisi uzito juu ya kitovu, pale tunapopaita chembe cha moyo. Hakushika kifua. Hakuanguka. Alicheua mara mbili tatu, akapata nafuu kidogo, na kila aliyekuwepo uwanjani akawa na jibu: gesi.

Nasita kidogo kwenye jina hilo, chembe cha moyo. Ni tumboni, lakini wazee wetu walipapa jina la moyo, na nadhani hawakubahatisha. Upande wa chini wa moyo umeukalia ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu inayopita hapo ni ileile inayohudumia tumbo. Moyo ukiumia kwa upande huo, mtu anasikia kichefuchefu, anatapika, anacheua, hata kwikwi humshika. Na kwa kuwa kucheua kunaleta nafuu ya dakika mbili, anaamini ameshaujua ugonjwa wake. Mtu mzima mwenye presha na sigara, akipata uzito wa chembe cha moyo unaokuja pamoja na jasho la baridi, asipewe jina la gesi mpaka moyo uwe umeangaliwa kwanza. Hili nalisema kwa wenzangu wa vituo vidogo na kwa vijana wa maduka ya dawa, na nalisema kwa nguvu.

Maana kwenye duka la dawa ndiko Ami alikopelekwa kwanza. Alipewa ile dawa nyeupe ya tumbo. Maumivu yalipokataa, akachomwa sindano ya diklofenaki kwenye tako. Akarudi nyumbani, akalazwa ubavu, akasuguliwa mafuta ya habasoda. Saa 3 na robo alitaka kwenda chooni, akaona kiza, akashikwa na shemeji yake asidondoke. Hapo ndipo ilipotafutwa gari. Alitufikia saa 4 kasorobo. Ni muda wa karibu saa nne nzima wa kufa kwa nyama ya moyo, na zaidi ya nusu yake ulipita akitibiwa tumbo.

Mapigo yalikuwa 46 kwa dakika, presha 88 kwa 54. Muuguzi wetu, ambaye kwa uzoefu wake amenifunza mimi mengi, alikuwa keshakishika kidonge cha nitrati kiganjani akingoja nitikise kichwa akiweke chini ya ulimi. Ndivyo tulivyozoea: maumivu ya moyo, nitrati. Nikamwomba asubiri dakika moja tuuhamishe waya mmoja wa mashine kutoka kushoto kwa kifua kwenda kulia. Tukauhamisha. Mstari ule nao ukatuna. Maana yake upande wa kulia wa moyo ulikuwa umeingia kwenye janga, na upande huo unaishi kwa kujazwa: damu irudi nyingi ndipo usukume. Nitrati hulegeza mishipa inayorudisha damu, na presha ya 88 ingeporomoka mbele ya macho yetu. Kidonge kikarudi kwenye kopo. Tukampa maji ya chumvi ya mshipa kwa haraka na dozi ya atropini, mapigo yakapanda, presha ikafika 104.

Asipirini miligramu 300 alishaitafuna. Kutafuna, si kumeza. Ikitafunwa inaingia kwenye damu mapema zaidi. Kidonge hiki cha bei ya chini kuliko andazi kina ushahidi mzito: mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliokusanya wagonjwa 17,187 wa mshtuko wa moyo, na asipirini peke yake ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika wiki tano za mwanzo. Ilipounganishwa na streptokinesi, dawa ya kuyeyusha bonge la damu, punguzo lilifika asilimia 42. Streptokinesi tulikuwa nayo. Niliuliza maswali ambayo lazima yaulizwe kabla ya dawa hiyo: umewahi kupata kiharusi? Umefanyiwa upasuaji karibuni? Umetoka damu tumboni? Akajibu hapana yote. Kuhusu sindano ya tako nilijua tayari. Saa 4 na dakika 35 dripu ikafunguliwa, uniti milioni 1.5 za kuingia kwa muda wa saa moja.

Saa hiyo moja ndiyo niliyokaa na mkewe. Dripu ya streptokinesi haiachwi peke yake, kwa hiyo nilikuwa pale kitandani hata hivyo, jicho kwenye presha, na mama yule hakuwa ameikunja bado karatasi yake. Akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini: "Mwanangu, sasa walimdanganya?"

Nikamwambia hapana, mama. Na nikaanza kumweleza kilichomo ndani ya mshipa, kwa maneno ambayo sijayabadilisha sana hapa.

Moyo unasukuma damu ya mwili mzima, lakini wenyewe haulishwi na damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake, inayochipuka mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu na kuuzunguka moyo kwa nje, yenye upana wa milimita tatu hadi nne. Ukuta wa mshipa kama huo umepangwa kwa matabaka. La ndani kabisa, linaloguswa na damu, ni safu moja tu ya seli, laini mno, na kazi yake mojawapo ni kuhakikisha damu haigandi wala haishikamani na chochote inapopita.

Lehemu, yale mafuta yanayoitwa pia kolesteroli, husafiri kwenye damu ndani ya vifurushi vidogo. Vile vya aina ya LDL, vikiwa vingi, hupenya ile safu ya ndani na kunasa chini yake. Hupenya kwa urahisi zaidi pale ukuta ulipochoka: pale mishipa inapogawanyika na damu ikawa inazunguka badala ya kwenda moja kwa moja, pale presha inapogonga miaka nenda rudi, pale moshi wa sigara na sukari nyingi vilipoidhoofisha ile safu. Kikishanasa, kifurushi kinaharibika, na mwili unakiona kama adui. Seli nyeupe za damu zinaitwa, zinaingia ukutani, zinageuka kuwa seli lafi na kuanza kumeza lehemu. Zinameza bila ya kushiba, mpaka zinajaa mafuta na kuonekana kwenye darubini kama povu. Nyingi zinafia humohumo. Kinachobaki ni rojo la mafuta na seli zilizokufa, ndani ya ukuta.

Mwili hauliachi wazi. Seli za misuli ya mshipa zinasogea juu na kulifunika lile rojo kwa kifuniko cha nyuzi ngumu za kolajeni. Kifuniko kikiwa kinene, mtu anaweza kuishi nacho mpaka uzeeni asijue. Lakini chini yake seli lafi zilizo hai bado zina hasira, na zinatoa vimeng'enya vinavyoila kolajeni. Kifuniko kinaliwa kwa chini huku mwili ukijaribu kukishona. Vile vilivyokutwa vimepasuka kwa watu waliokufa kwa mshtuko wa moyo mara nyingi vilikuwa na unene usiofika mikromita 65, kiasi cha unene wa unywele mmoja.

Hapo mama akanikatiza. "Kumbe si mfereji ulioziba uchafu. Ni jipu, liko ndani ya ukuta."

Tangu siku hiyo nalitumia neno lake. Si jipu kwa maana ya usaha, maana hamna vijidudu wala haliivi kwa siku tatu; hili linachukua miaka 20 au 30. Lakini umbo lake na hatari yake kalipatia barabara. Sisi madaktari ndio tuliowapa watu mfano wa mfereji. Tunasema mafuta yanaganda kwenye bomba, njia inakuwa nyembamba kidogo kidogo mpaka siku moja inafunga. Mfano huo ni mwepesi kuushika na una madhara makubwa, kwa sababu unamwahidi mtu kwamba atapewa khabari. Njia ikianza kubana, atahisi. Kama hahisi, haijabana. Kama anapanda mkarafuu asubuhi nzima bila ya kuhema, mfereji wake u wazi.

Na kweli ulikuwa wazi! Hilo ndilo linalotisha. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walichapisha uchunguzi wa mioyo 136 ya watu waliokwishafariki. Walikuta kwamba jipu linapokua, mshipa nao unatanuka kwa nje kulipisha, na njia ya damu inabaki na upana wake mpaka uvimbe uwe umechukua kiasi cha asilimia 40 ya eneo. Kwa hiyo ukuta unaweza kuwa umejaa maradhi na damu ikawa inapita vizuri. Ili mtu aanze kubanwa na kifua anapofanya kazi, kwa kawaida njia inatakiwa iwe imepungua kwa asilimia 70 au karibu na hapo. Majipu mengi yanayopasuka hayajafika huko.

Likipasuka, lile rojo linagusana na damu. Kwa mwili, hiyo ni sawa na jeraha la kisu: chembe sahani, vile vijipande vya damu vinavyoziba majeraha, zinakimbilia, zinashikana na kuitana, nyuzi za fibrini zinafumwa juu yake, na bonge la damu linajaa njia nzima kwa muda wa dakika. Dakika tano nyuma njia ilikuwa na nafasi ya kutosha kupanda mti. Sasa hakuna kitu kinachopita. Asipirini inazizuia zile chembe sahani kuitana. Streptokinesi inalifumua lile fumo la fibrini. Hakuna kati ya hizo mbili inayoligusa jipu lenyewe.

Kwa nini asubuhi ile? Siwezi kumwapia mtu. Mishtuko ya moyo huwa mingi zaidi baina ya alfajiri na adhuhuri, wakati presha inapopanda baada ya usingizi na damu ikawa inaganda kwa urahisi zaidi. Presha yake ilikuwa haina dawa kwa wiki nane. Alikuwa ameinama, na sigara ya kwanza ya siku alishaivuta. Kifuniko chembamba kinahitaji sababu ndogo tu.

ECG ya Unguja haikuwa na njia ya kuliona jipu hilo. Kipimo kile kinasoma umeme wa nyama ya moyo kwa sekunde zile kumi mgonjwa alipolala kitandani. Nyama ikiwa inapata damu, umeme unakuwa mzuri. Ukuta wa mshipa haumo kwenye karatasi hiyo kabisa. Neno "mzima" lilikuwa sahihi kwa nyama, na Ami alilipokea kwa ajili ya mishipa, presha, sigara na miaka yote iliyobaki. Simlaumu aliyelisema, nimelisema mimi mwenyewe kwa wagonjwa wangu mara nyingi kabla ya kisa hiki. Siku hizi nasema: "Umeme wa leo hauna tatizo. Sasa tuizungumze presha yako."

Dripu ilipofika dakika ya 50, mashine ikapiga kelele. Mapigo yalibadilika yakawa mapana, ya polepole, kama ya mtu mwingine. Mkewe alishika kanga mdomoni. Yalidumu kiasi cha nusu dakika yakaondoka, na nilipomtazama Ami alikuwa amefumbua macho. Mapigo ya aina hiyo mara nyingi ni salamu za damu iliyorudi kwenye nyama iliyokuwa na njaa. Nilimuuliza maumivu, ambayo mwanzo aliyapa tisa kwa kumi. "Mbili," akasema, "tena nashuku ni hii sindano ya matakoni." Nusu saa baada ya dawa kumalizika tulirudia ECG: matanga yalikuwa yameshuka kwa zaidi ya nusu.

Sindano ya matakoni ilikuja kudai haki yake. Jioni tako la kulia lilikuwa limevimba, jeusi, gumu kama nazi. Dawa inayoyeyusha damu haichagui bonge, na tundu la sindano ya asubuhi lilikuwa limefunguka kwa ndani. Ilimchukua wiki tatu kukaa sawasawa. Na diklofenaki yenyewe ni dawa inayoongeza hatari kwa moyo. Mgonjwa wa namna hii haifai kabisa apewe. Nimekwenda mwenyewe kuzungumza na kijana wa duka lile. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia, na ameahidi kuweka asipirini mbele na sindano nyuma.

Vipimo vingine vilieleza yaliyobaki. LDL yake ilikuwa juu, milimoli 4.3 kwa lita. Sukari aliyoingia nayo ilikuwa 12.8, na ile ya kipimo cha miezi mitatu asilimia 7.9, yaani Ami alikuwa na kisukari na hakuna aliyejua, pamoja na wembamba wake wote. Watu wengi kwetu huiona lehemu kama jambo la wenye vitambi, la watu wa biriani na samli. Vifurushi vya LDL havionekani kwa macho. Kuna waliozaliwa navyo vingi kwa urithi wa wazazi wao, na nilipokumbuka baba aliyelala asiamke, sikushangaa.

Siku ya sita alipandishwa ndege kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, akapigwa picha ya mishipa kwa kupitishwa dawa ya rangi. Majibu yalipokuja niliyasoma mara mbili. Mshipa wa kulia, uleule uliokuwa umeziba, ulikuwa wazi na damu inapita vizuri. Mahali palipopasuka palikuwa na upungufu wa asilimia 40 tu. Mishipa mingine miwili ilikuwa na mabonde madogo madogo, hakuna pa kutisha. Hawakuweka kifaa cha kutanulia. Asilimia 40! Angelipimwa kwa kukimbizwa kwenye mashine wiki moja kabla ya siku ile, yaelekea angelifaulu vizuri.

Alirudi na dawa: asipirini, klopidogreli, nayo ya kuzizuia chembe sahani, kwa mwaka mmoja, atovastatini ya dozi ya juu, ya presha na ya sukari. Atovastatini ndiyo iliyohitaji maelezo marefu, maana mtu akisikia "dawa ya mafuta" anangoja mafuta yaishe aiache. Inashusha LDL, ndiyo, lakini kwa Ami kazi yake kubwa ni kuyatuliza majipu mengine yaliyobaki ukutani: rojo linapungua, seli lafi zinapoa, kifuniko kinanenepa. Inafanya hivyo kwa miezi na miaka, na inafanya hivyo kwa anayeinywa. Nilimwandikia pia kadi ndogo ya kukaa na kitambulisho: huyu keshapewa streptokinesi, asirudiwe nayo. Mwili huitengenezea kinga, na mara ya pili inaweza isifanye kazi au ikamdhuru.

Wiki ya pili alikuja shemeji yake na chupa ya plastiki, maji ya kahawia, ameuziwa kama dawa ya "kusafisha mishipa" kwa pesa ambayo ingenunua vidonge vya Ami vya miezi miwili. Aliitoa kwa mapenzi, na niliona vibaya kumkatalia mbele za watu. Tukatoka nje kwenye kivuli. Nikamwuliza, sheikh, hii inasafisha nini? Akasema uchafu kwenye mfereji. Nikamrudishia maneno ya dada yake: jipu liko ndani ya ukuta, chini ya ngozi, unalisafishaje kwa kupitisha maji juu yake? Alikaa kimya, akaitikisa ile chupa, akaitazama. Sijui kama aliimwaga.

Sigara Ami aliziacha siku ileile aliyoletwa, na mpaka sasa hajagusa. Nyama iliyokufa haikurudi. Picha ya moyo ya wiki ya nane inaonyesha ukuta wa chini unasinzia kidogo, lakini msukumo kwa jumla, yaani sehemu ya damu ambayo moyo unaitoa kwa kila pigo, ni asilimia 50, na kwa mtu aliyechelewa saa 4 tunashukuru. Juu ya mti hajarudi. Anakaa jamvini na wanawake wanachambua karafuu na makonyo, na anasema hakujua kazi ile ina maneno mengi namna hiyo.

Alipokuja kliniki mara ya mwisho aliletwa na mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 29, ambaye alisimama mlangoni akataka kungoja nje. Niliona pakiti kwenye mfuko wa shati. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walichapisha walichokikuta kwenye mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa katika vita vya Korea: wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na asilimia 77 walishakuwa na maradhi haya kwenye mishipa ya moyo kwa kiwango kimoja au kingine. Vijana waliobeba bunduki milimani bila ya kulalamika kifua.

"Ingia," nikamwambia, "kaa hapa karibu na baba yako." Mama alishamvutia kiti. Nilimwacha apumzike dakika tano, mkono juu ya meza, nikampima presha mara tatu: 148 kwa 94, 150 kwa 92, 146 kwa 94. Akaniuliza kama nitampima na ule umeme wa moyo, apate karatasi. Nikamwambia Jumatatu aje kabla hajanywa chai, tumtoe damu ya lehemu na sukari, na presha tuipime tena.